Mwalimu wangu wa vijana alinilea vizuri, ila neno lake moja limebadili maisha yangu. Nimwambie?

Shikamoo Anti,

Naomba niende moja kwa moja maana hii kitu imenikaa kifuani muda mrefu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, nimeokoka tangu nikiwa sekondari na aliyenilea kiroho ni mwalimu wa vijana wa kanisa letu la zamani. Wote tulikua tunamwita Mwalimu tu, mpaka leo kwenye grupu letu la WhatsApp la wale tuliolelewa nae ukisema Mwalimu hakuna anaeuliza yupi.

Kwanza nataka uelewe huyu ni mtu mzuri, na sisemi hivyo kwa woga. Baba yangu alipofariki ndugu walikuja wakalia wakaondoka, yeye ndo alikua anapita Jumapili mchana anakaa na sisi, wala hahubiri, anakaa tu anauliza mmekula, daftari mnazo, mama yenu amelala? Alikua na daftari moja gumu kubwa, kila kijana ana ukurasa wake, anaandika ulichomwomba akuombee na tarehe, likijibiwa anapiga vema kwa kalamu nyekundu. Siku moja alinipa nimshikie nikaufungua ukurasa wangu nikakuta ameandika "hesabu, asiogope" na chini yake "mama yake apate usingizi". Mama mwenyewe hajawahi kujua kuna mtu alikua anauombea usingizi wake.

Sasa shida ni hii. Nilipomaliza shule nlikua nataka kusomea uuguzi, fomu nilishajaza kila kitu. Nikaenda kumwambia kwa furaha, akanyamaza kidogo, akasema "binti yangu, Mungu amenionyesha hiyo sio njia yako". Hakufoka, aliongea kwa upole kabisa, na mimi sikuuliza njia yangu ni ipi. Fomu sikupeleka. Nikasoma mambo ya ofisi na ndo kazi ninayofanya mpaka sasa, sio mbaya inanilisha, ila nikienda hospitali kumwona mgonjwa nikakuta manesi wanabadilisha shuka mgonjwa akiwa humohumo kitandani, wanamgeuza upande huu wanatandika wanamgeuza upande ule, nasimama naangalia mpaka naulizwa dada unamtafuta nani. Baadae tena kuna kaka alitaka kunioa, Mwalimu akasema rohoni hana amani nae, nikaachana nae.

Yeye alishahama siku nyingi na hatuonani, ila sauti yake iko humu ndani. Nikitaka kubadili kazi, nikitaka kukopa, hata kanisa la kusali nilipohamia huku, nasikia kama ananiangalia. Nikiomba siwezi kujua hapa anaongea Mungu au ni Mwalimu.

Sasa afya yake sio nzuri na anaachia utumishi. Grupu limeamua tufanye ibada ya shukrani tumuage, na wamenichagua mimi niseme kwa niaba ya mabinti. Alafu kama vile haitoshi, mchungaji wa hapa ninaposali sahivi ameniomba niwe mlezi wa vijana wa sekondari. Nikisimama nikasifia tu naona nitakua mwongo. Nikisema ukweli nitaonekana sina shukrani, na rafiki yangu niliyemgusia kidogo alinijibu "msiwaguse masihi wangu", yaani watumishi wa Mungu wasisemwe, mazungumzo yakaishia hapo. Na hawa vijana nawaogopa kweli, naogopa nisije nikamfanyia mtoto wa mtu kilekile. Nisaidie Anti.

Binti wa Mwalimu


JIBU

Marahaba mwanangu,

Kitu cha kwanza nataka uache kujiuliza kama yule mtu ni mzuri au mbaya. Aliyeombea usingizi wa mama yako na aliyekuzuia kupeleka fomu ni mtu mmoja, na vyote viwili vimekufikia kwa mlango uleule: ulimwamini. Kama asingekuja zile Jumapili, kauli yake kuhusu uuguzi ungeisikia kama maoni ya mtu mzima yeyote, ungeitikia ndiyo mwalimu, alafu ungepeleka fomu zako. Neno lake lilikua na uzito kwa sababu alishakupenda kwanza. Hii ndo hali ya kila anaelea vijana kanisani, na wengi wao hawaijui.

Wewe sio wa kwanza kubeba mwalimu wako ndani. John Stott, yule mhubiri na mwandishi wa Uingereza, aliokoka mwaka 1938 akiwa na miaka 16 shuleni, kupitia mchungaji mmoja aliyekua anafanya kazi na wanafunzi, Eric Nash. Baada ya pale Nash alimwandikia barua kila wiki, miaka na miaka. Fikiria hiyo kazi, mtu mzima anakaa chini kila wiki anamwandikia kijana mmoja. Stott alimshukuru maisha yake yote. Lakini huyohuyo Stott alieleza kwamba Nash alikua anamkemea sana kwenye zile barua, na kuna kipindi akiona tu mwandiko wake juu ya bahasha ilibidi kwanza aombe na kujiandaa nusu saa nzima ndo aweze kuifungua. Nusu saa kwa ajili ya bahasha! Na hakuona kwamba kusema hilo kunafuta shukrani yake, alivisema vyote pamoja. Na wewe unaruhusiwa.

Kingine ambacho kitakushangaza, kuna uwezekano mkubwa Mwalimu hakumbuki kabisa. Mwaka 1855 kule Boston mwalimu wa shule ya Jumapili aliyeitwa Edward Kimball alimfuata mwanafunzi wake mmoja dukani alikokua anauza viatu ili aongee nae habari za Yesu. Alikua na wasiwasi mpaka akapitiliza mlango, ikabidi arudi. Yule kijana alikua D. L. Moody, ambaye baadae alihubiri kwa maelfu ya watu Marekani na Uingereza. Kimball alipoulizwa miaka ya mbele alisema hajui hasa alitumia maneno gani na kwamba aliona ameongea kwa unyonge tu. Ndivyo inavyokua, anaesema anasahau na aliyesikia anajengea maisha juu yake. Kwaiyo usiende kwa Mwalimu ukitegemea kumkuta mtu ambae amekua akijuta miaka yote hii. Pengine atakuangalia na kukuuliza, "nilisema hivyo?" Jiandae kwa hilo maana linaweza kuumiza kuliko hata angebisha.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, maana naona unalizungukazunguka kwa heshima. Mimi naamini Mungu anaonyesha watu mambo, sitakwambia vinginevyo. Ila Biblia hiyohiyo inayosema msitweze unabii, mstari unaofuata palepale inasema jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema, 1 Wathesalonike 5. Wewe hukupewa nafasi ya kujaribu. Ukiwa binti uliyetoka kumaliza shule, mtu unaempenda kama baba akikwambia Mungu amenionyesha, utampinga nani hapo, yeye au Mungu? Mtume Paulo ambae angeweza kusema hivyo kuliko sisi wote, angalia anavyojizuia kwenye 1 Wakorintho 7. Anaongelea ndoa, na anatenganisha kabisa: hapa si mimi ila Bwana, hapa ni mimi wala si Bwana, na huku mbele kidogo anasema sina amri ya Bwana lakini natoa shauri langu. Shauri langu. Mwalimu angesema tu "binti yangu, shauri langu ni kwamba uuguzi hautakufaa, kwa sababu hii na hii" ungeweza kumuuliza, ungeenda kwa mama yako kumsikia na yeye anasemaje, ungelala ukaamka ukaamua. Neno "amenionyesha" lilifunga milango yote hiyo kwa mara moja, na alilisema kwa upole, ndo maana hukushtuka.

Alafu kuna Eli. Huwa narudi sana kwenye 1 Samweli 3 kwa ajili ya watu wanaofanya kazi na vijana. Mtoto Samweli anaitwa usiku, anakimbilia kwa Eli, anarudishwa akalale, mara ya pili vilevile, mara ya tatu mzee ndo anaelewa kwamba ni Bwana anamwita mtoto. Hapo Eli ni kuhani, ana cheo, ana miaka yote ile hekaluni, angeweza kusema subiri hapa nikusikilizie. Hakusema. Alimwambia enenda kalale, akikuita useme Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia. Alimfundisha namna ya kuitika akamrudisha mahali pake peke yake. Yule mzee alikua na makosa mengi, wanae wenyewe walimshinda, ila usiku ule alifanya kitu ambacho Mwalimu wako siku ya fomu hakukifanya.

Na hadithi haiishii hapo. Ujumbe wenyewe Samweli aliopewa ulikua ni habari mbaya juu ya Eli mwenyewe. Imeandikwa wazi, Samweli akaogopa kumwonyesha Eli maono hayo. Mwanangu huyo ni wewe kabisa. Na Eli akamwita akamwambia usinifiche, mtoto akasema yote, mzee akajibu, Ndiye Bwana, na afanye alionalo kuwa ni jema. Kwaiyo mwanafunzi kumwambia mwalimu wake jambo gumu sio uasi, ilishafanyika hekaluni na aliyeifanya alikua nabii anaeanza kazi.

Kuhusu "msiwaguse masihi wangu", rafiki yako ametumia mstari kukunyamazisha na naomba usikubali. Hiyo ni Zaburi 105, inaongelea Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokua wageni wachache wanahamahama, Mungu akiwakemea wafalme wasiwadhuru. Wanaolindwa pale ni wanyonge dhidi ya wenye nguvu. Hata Daudi ambae alikataa kumgusa Sauli masihi wa Bwana, alipotoka kwenye lile pango alimokata kwa siri pindo la vazi la Sauli alimwita kwa sauti, akainama kifudifudi kwa heshima zote, alafu akamwambia kosa lake lote na ushahidi wa lile pindo mkononi. Hakumgusa, lakini hakunyamaza.

Kwaiyo fanya hivi. Ibada ya shukrani sio mahali pake, pale kuna watu wengi, yeye ni mgonjwa na hana namna ya kukujibu, na kila mtu ana lake la kumshukuru. Mtafute kabla. Usitume meseji ndefu, meseji mtu anaisoma akiwa peke yake na anaisikia kwa sauti ya hasira hata kama wewe hukua na hasira. Nenda, kama huwezi kufika piga simu uongee. Anza na lile daftari, mwambie uliona alichoandika kuhusu mama. Alafu sema kifupi: "Mwalimu, siku ile ulivyoniambia Mungu amekuonyesha uuguzi sio njia yangu, niliacha. Nimebeba hilo mpaka leo na limeniumiza. Nilitaka ulijue kutoka kwangu." Basi. Usimpe orodha ya kila kitu, yule kaka na mengine yaache, hilo moja linatosha kufungua. Akiomba msamaha pokea, akijitetea msikilize na usibishane, akilia kaa nae. Hali yake ikiwa mbaya sana hata mazungumzo hawezi, nenda tu ukamsalimie, hilo neno ukalisemee kwa mtu mzima unaemwamini, maana hata hapo bado unahitaji kulitoa.

Ukishafanya hivyo, siku ya ibada hautakua mwongo. Simama eleza habari za Jumapili mchana na kalamu nyekundu. Usiongeze sifa usizoziamini, usiseme kila alichotwambia kilitimia. Kilichotokea kweli kinatosha kumheshimu mtu.

Hapa nitoke kidogo niongee na wengine wanaosoma, maana najua kuna ambao yao sio ya fomu. Zile kambi za wanafunzi alizozianzisha Nash, zilizowalea akina Stott, ndizo ambazo baadae mwanasheria mmoja, John Smyth, aliyekua mwenyekiti wa taasisi iliyokua inazisimamia, alipata humo vijana wa kuwachapa viboko mpaka damu akiwaambia ni njia ya utakatifu. Mwaka 1982 wahusika wa kambi waliandikiwa ripoti wakajua, polisi hawakuambiwa. Smyth akahamia Zimbabwe mwaka 1984 akaendesha kambi za vijana huko pia, na alikufa mwaka 2018 bila kuhukumiwa kwa aliyoyafanya. Mwaka 2024 ripoti ya uchunguzi ilipotoka ndo Askofu Mkuu wa Canterbury Justin Welby, mkuu wa Kanisa la Anglikana kule Uingereza, akatangaza kujiuzulu. Wale vijana sasa ni wazee na bado wanabeba. Kama kiongozi wako alikupiga, alikushika, alikuambia mambo ya siri usimwambie mzazi, usiende kukaa nae kumweleza kama nilivyomwelekeza dada huyu. Mwambie mtu nje ya mduara wake, nenda polisi au kwa wanaoshughulikia ulinzi wa watoto, na anaekwambia tusichafue huduma usimfuate. Makanisa yamewapoteza watu wengi kwa kuificha aibu kuliko kwa kuisema.

Turudi kwako. Ile sauti ya ndani haitaondoka kwa siku moja na usiikemee kama pepo, ni kumbukumbu ya mtu uliyempenda. Ila usiiache iwe peke yake. Paulo anapomkumbusha Timotheo imani yake ilikotoka hajitaji yeye, anataja bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Wewe nae una mama, una mchungaji, nadhani una marafiki zaidi ya yule wa Zaburi. Ukiwa na uamuzi mkubwa ongea na watu wawili watatu tofauti, andika mwenyewe unachotaka kabla hujaanza kuomba, maana naona huko nyuma ulikua unaomba ukiwa hujui hata wewe unataka nini. Na ukisikia "hapana" jiulize ni hapana ya nani na kwa sababu gani. Mwanzoni itakupa wasiwasi, utaona kama unamdharau. Haumdharau. Paulo huyohuyo aliwaambia Wakorintho si kwamba tunatawala imani yenu, bali tu wasaidizi wa furaha yenu, hiyo ndo mipaka ya mlezi yeyote.

Uuguzi kaulize chuoni, sio kwa Mwalimu na sio kwangu. Uliza wanapokea watu wa umri wako, masharti ni yapi, ada, muda. Inawezekana ukishajua utaona hautaki tena, ni sawa, ila safari hii utakua umekataa mwenyewe ukiwa na taarifa mkononi. Na usisubiri mpaka uonane nae ndo uulize, hivi ni vitu viwili.

Kazi ya vijana nakushauri ukubali. Sio kwa sababu umepona, maana hujapona bado, ila kwa sababu wewe unajua neno la mlezi linafika wapi na wengi wanaopewa hiyo nafasi hawajui. Ile ya kukaa sebuleni kwa watu bila kuhubiri ichukue kama ilivyo, hiyo ndo urithi wako kutoka kwa Mwalimu na vijana wanaikumbuka kuliko somo lolote. Daftari la maombi pia chukua, ila kila mmoja awe na ruhusa ya kuusoma ukurasa wake. Akija kijana na fomu mkononi mwambie "mimi naona hivi", alafu muulize yeye anaonaje, alafu muulize mzazi wake anasemaje, alafu mrudishe nyumbani akaombe mwenyewe. Akirudi ameamua kinyume na ulivyosema msindikize. Kuna watakaokuganda, watakupigia usiku kila kitu wanataka uwaamulie, na itakufurahisha maana kuhitajiwa ni kutamu, hapo ndo uwe macho zaidi.

Na kabla hujamjibu mchungaji mwombe mambo mawili. Kwanza usiwe peke yako, awepo mlezi mwingine ambae anaweza kukupinga mbele ya vijana na vijana wakaona mnabaki marafiki. Pili mwanzo uwe wa mwaka mmoja tu, na ukiisha vijana wenyewe waulizwe, wewe ukiwa haupo chumbani.

Anti